Mlinzi wa Goli Asiyekimbia

Mwezi uliopita, kwenye benchi la sindano katika hospitali ya Rubya, msichana mmoja aliyevaa sare ya shule aliniuliza swali nikashindwa kulijibu, maana muuguzi aliita jina langu wakati uleule. Aliuliza, "Mwalimu, ni lini wataniruhusu kucheza tena?" Nilipotoka nikichechemea, kama tutokavyo wote kwenye chumba kile, yeye alikuwa ameshaitwa. Namjibu hapa, pamoja na yeyote aliyeambiwa kwamba baridi yabisi imemwingia moyoni. Jibu lenyewe ni refu na sehemu kubwa yake si tamu, kwa hiyo anayetafuta faraja ya haraka asinilaumu.

Niliumwa nikiwa mwaka wa kwanza katika chuo cha ualimu mjini Bukoba, enzi zile mkoa wetu ukiitwa Ziwa Magharibi. Chuo chetu kilipenda netiboli kuliko hata ualimu wenyewe. Kila mwaka, kabla ya masomo kuanza, Mkuu wa Chuo alizunguka shule za wasichana na kurudi na wachezaji wake. Wasichana hao tuliwaita "walioletwa". Wao walikuwa na raba zao, meza yao karibu na jiko na nafasi zao kiwanjani hata kabla hawajashusha masanduku. Sisi tuliofika kwa kufaulu mtihani tu tuliitwa "waliokuja". Mimi nilikuja kutoka Muleba, kwenye kibanja cha migomba na kahawa cha baba yangu, na hakuna aliyejua kwamba nilikuwa na miguu.

Nilikuwa nayo, tena mirefu. Jioni walioletwa walipofanya mazoezi, nilisimama chini ya kiwanja, mahali mpira ulipokuwa ukiporomokea kwenye migomba, nikawa nauokota na kuurudisha kwa nguvu zangu zote. Ester, binti wa Kilutheri kutoka Kitendaguro ambaye ndiye aliyekuwa tegemeo lao, alianza kuniangalia. Siku moja mlinzi wa goli alipoumwa tumbo, Ester alimwambia Mwalimu Deogratias wa michezo, "Mwalimu, mjaribu yule ngazi." Kuanzia hapo nikawa mchezaji wa akiba. Jina la ngazi lilinikaa na sikulichukia.

Nilichokitaka kilikuwa kidogo. Sikutaka kuwa nahodha wala kuitwa timu ya mkoa. Nilitaka mchezo mmoja tu kwenye mashindano ya vyuo, nimevaa sketi ya chuo, nikisimama mahali ambapo aliyeletwa angesimama. Ukiwa umechezea timu kwa kuletwa huwezi kuelewa hamu hiyo, na ukiwa umekuja mwenyewe sina haja ya kukueleza.

Masika yale nilipata maumivu ya koo. Kila mtu bwenini alikuwa na koo, tukanywa maji ya moto yenye chumvi, likapona. Baada ya hapo goti la kulia likavimba. Nilidhani nimeanguka vibaya mazoezini. Lakini goti lilipopona uvimbe ukahamia kifundo cha mguu wa kushoto, na kifundo kilipotulia nikaamka siwezi kushika kalamu. Matroni alinipa aspirini. Walioletwa walinitazama kwa mashaka, na kweli ningekuwa wao ningeshuku pia, maana leo nachechemea mguu huu, kesho mguu ule.

Mchakamchaka wa alfajiri ndio ulioniumbua. Chuo kizima kilikimbia kwa nyimbo hadi karibu na ziwa na kurudi, na asiyekimbia ilibidi aeleze sababu. Mimi nilibaki kwenye ngazi za bweni nimekumbatia viwiko vyangu. Ester alipita na kundi lake akasema bila kusimama, "Ndugu zangu, humu tunalisha kupe." Wakacheka. Siku hizo kumwita mtu kupe halikuwa jambo dogo; kupe, anayekula jasho la wenzake, alikuwa ndiye adui anayetajwa redioni. Nililia, nikaomba ruhusa, nikapanda basi la kurudi nyumbani.

Baba yangu alikuwa katekista, mtu wa kusali kabla ya kunena. Aliponiona alisema, "Mwana wange, kesho tunakwenda hospitali." Mama aliniminya goti, akaminya kifundo, akaminya mkono. Jioni alimleta shangazi yangu, na shangazi ndiye aliyesema wazi kile ambacho mama alikuwa akikiogopa.

"Ugonjwa wa hospitali unakaa mahali pamoja," alisema. "Huu unatembea. Huu umetumwa."

"Umetumwa na nani?" baba aliuliza.

"Mtoto anakwenda chuo, watoto wa watu wamebaki wanapalilia. Unaniuliza nani?"

Baba alikataa. Lakini siku ya pili aliitwa kwenye maziko parokiani, na alipoondoka shangazi alimleta mzee mwenye pembe. Nilikalishwa juu ya majani mapya yaliyotandazwa sakafuni, nikachanjwa magotini na mabegani, akaumika pembe zake akivuta pumzi kwa mdomo hadi zikashika. Alipozibandua alinionyesha damu nyeusi iliyoganda na kitu kama kipande cha unyoya. Mama alipiga ishara ya msalaba, na nikamwona amepumua kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Sasa sikilizeni vizuri wasomaji wangu, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wengi hupotelea. Nilipona. Katika juma lilelile uvimbe wote ulitoweka, nikaweza kumenya ndizi, nikaweza kukimbiza kuku. Shangazi alitembea kijijini kama askofu. Hata baba, ambaye hakuwa ameambiwa habari za pembe, aliacha kutaja hospitali, na mimi nilifurahi, maana mashindano yalikuwa karibu. Miezi baadaye ndipo Sista daktari wa Rubya alipotueleza kwamba maumivu ya viungo katika ugonjwa huu huondoka yenyewe, uumikwe usiumikwe, uombewe usiombewe. Yakishaondoka mtu hudhani yamekwisha, kumbe moyo umeachwa ukifanya kazi peke yake na jeraha lake. Hakuna aliyetudanganya kwa makusudi. Ugonjwa wenyewe ndio uliotudanganya sote, pamoja na yule mzee na pembe zake.

Nilirudi chuoni nikajitupa kwenye mazoezi. Mlinzi wa goli aliyeletwa alihamishiwa mbele, na Mwalimu Deogratias akaniambia nijiandae, nafasi ni yangu. Sijawahi kufurahi vile. Lakini pumzi ilianza kunikatalia. Nilipopanda kilima cha kutoka sokoni nilisimama nikajifanya natazama ziwa. Nilianza kukohoa nikilala chali, nikawa nalala nimekaa, mgongo ukutani. Ester aliniona siku moja nahangaika kufunga kamba za raba.

"Raba zako zimerowa zikasinyaa?" aliuliza.

"Labda."

Alichuchumaa, akabonyeza mguu wangu kwa kidole gumba. Kidole kilipotoka kilibakiza shimo. Tuliliangalia wote wawili. Jioni hiyo katikati ya mazoezi nilianguka. Nakumbuka vumbi mdomoni, na sauti ya Ester ikisema, "Mshikeni kichwa, mshikeni kichwa." Timu nzima ilinibeba hadi kwenye gari la chuo, wale wasichana walioletwa, na nilikuwa mzito kwa sababu ya maji yaliyonijaa.

Nililazwa mjini, kisha baba akaomba nihamishiwe Rubya ili mama aweze kuniletea chakula. Wodini nilijifunza kusubiri. Unasubiri daktari, unasubiri vidonge, unasubiri mkojo utoke kwa sababu kila bakuli lilimaanisha miguu itapungua kidogo. Aspirini nyingi zilinitia mlio masikioni, mlio wa nyenje usiokoma, hivi kwamba watu walipokuja kunitazama niliona midomo yao kwanza ndipo nikakisia maneno. Uso wangu ulivimba hata mama mmoja wa kijijini kwetu akapita kitandani akitafuta Paskazia, na Paskazia nilikuwa mimi.

Sista daktari alikuwa Mzungu aliyesema Kiswahili cha taratibu. Aliweka chombo chake kifuani kwangu akasikiliza muda mrefu, macho yamefumbwa, akarudia tena mgongoni. Kisha alimvuta baba karibu.

"Ndani ya moyo kuna milango," alisema. "Mmoja wa kwake haufungi vizuri sasa. Damu inarudi nyuma. Tutampa sindano kila mwezi, miaka mingi, ili mlango usiharibike zaidi. Atatembea. Atafundisha. Kukimbia, hapana."

"Hapana mpaka lini?" niliuliza.

Alimtazama baba badala ya kunitazama mimi, na mimi nikageukia ukutani.

Nilirudishwa nyumbani nikiwa bado siwezi kulala chali. Ilikuwa msimu wa kahawa. Magunia ya kahawa kavu yalikuwa yamepangwa sebuleni yakisubiri kupelekwa chama cha ushirika, na baba aliyasogeza ukutani, akatandika blanketi, akaniegemeza hapo. Nililala nimekaa juu ya jasho la mwaka mzima la nyumba ile. Majirani walipeleka ya kwao. Walipomuuliza baba anangoja nini alijibu, "Kahawa yangu ina kazi." Mpaka leo harufu ya kahawa isiyokaangwa hunifanya niketi wima.

Lakini nyumba ilikuwa imepasuka. Baba alikuwa amejua habari za pembe, akamkataza shangazi kukanyaga ua wetu. Mama hakujitetea wala hakuomba radhi, aliacha tu kusema na baba, na baba naye akaacha. Mimi nilikuwa katikati, nimefungwa kwenye magunia, nikawa posta.

"Mwambie baba yako chakula kiko tayari."

"Baba, chakula kiko tayari."

"Mwambie mama yako nimeshiba."

Na mama alikuwepo, amekaa palepale. Ukiwa mzima unaweza kuondoka ugomvi unapokuchosha. Nilikuwa sina hata nguvu ya kutoka nje kujisaidia bila kushikwa, na wa kunishika walikuwa ni haohao. Usiku na mchana nilijiona mimi ndiye donda la nyumba ile. Shangazi naye alikuwa akisema huko nje kwamba msichana wa namna hii nani atamwoa, na maneno hayo yalinifikia, kwa sababu maneno ya namna hiyo hayahitaji ruhusa ya kukanyaga ua.

Vuli zilipoanza, senene, wale panzi wa kuliwa, walianguka. Asiyetoka kwetu hawezi kujua asubuhi hiyo inavyokuwa. Kijiji chote kinatoka mbio, wanawake na watoto mbele, wakiruka kwenye majani yenye umande na vikapu vyao, wakicheka na kusukumana. Niliwasikia wakipita. Nilijikokota hadi mlangoni nikaketi kwenye kigoda, nikatazama kila mtu mwenye miguu akiitumia. Niliona uchungu ambao hata wodini sikuuona. Nilimwambia Mungu maneno ambayo binti wa katekista hapaswi kuyajua.

Mama alirudi amelowa hadi magotini, kikapu kimejaa. Kwa desturi yetu mwanamke huwakamata senene kwa ajili ya mume wake, na zamani hata kuwaonja hakuruhusiwa. Alisimama mlangoni, baba akiwa ndani, mimi kwenye kigoda. Alikiweka kikapu kati yetu.

"Wanyonyoeni pamoja," alisema, akimtazama baba. "Hawa ni wenu nyote wawili. Na mimi safari hii nitakula."

Baba alivuta kiti. Tulinyonyoa mabawa na miguu hadi vidole vikawa vya kijani, na mama akakaa chini nasi. Baada ya kitambo baba alisema, "Chumvi ipo?" akimuuliza mama mwenyewe. Juma lililofuata nililala chali, na magunia yakaenda ushirika.

Sindano sasa. Wengi huniuliza habari za sindano kuliko habari za moyo, na nawaelewa. Dawa yenyewe ni nyeupe na nzito kama maziwa ya mwanzo ya ng'ombe. Siku zile sindano zilichemshwa na kutumiwa tena, na dawa ilipenda kuganda ndani ya sindano muuguzi akiisukuma, ikabidi aichomoe, aizibue, akuchome tena. Usikaze tako. Pumua kupitia mdomoni, umwombe muuguzi aisukume polepole. Ukitoka tembea, usikae. Baba alikuwa akinileta kwa baiskeli, lakini kurudi nilishindwa kukalia karia, basi aliikokota huku nami natembea kando yake, tukaongea njia nzima. Katika maisha yangu yote kabla ya hapo sikuwahi kuongea na baba yangu kiasi hicho.

Chuo kilinipokea mwaka wa pili kwa masharti. Nilisamehewa mchakamchaka, nilisamehewa jembe, nikapewa kazi ya kuchambua maharage jikoni. Neno kupe liliendelea kunifuata, safari hii kutoka kwa wanafunzi wapya wasionijua. Ester alikuwa nahodha sasa. Hakuniomba msamaha kwa maneno. Jumapili alipotoka kwao Kitendaguro alileta ndizi zilizopikwa bila chumvi, kwa kuwa chumvi nilikatazwa, akakaa akala pamoja nami akikunja uso kwa kila tonge.

"Hivi huu ndio mnauita uhai?" aliuliza.

"Ndio huo."

Kisha mashindano yakaja, tena kwenye kiwanja chetu. Malaria iliwakuta wasichana wawili juma hilohilo, na asubuhi ya mchezo timu ilikuwa na watu sita. Viongozi wa mashindano walisema timu isiyotimia saba imepoteza. Mwalimu Deogratias alikuja jikoni, akasimama kando ya sinia langu la maharage, kofia mkononi.

"Ndugu Paskazia," alisema, "sikuombi ucheze. Nakuomba usimame."

Ester alikuwa nyuma yake ameshika sketi. "Chini ya goli, basi," alisema. "Ukikimbia, waitu, ndugu yangu, nitakuzaba kofi mbele ya chuo kizima."

Niliivaa. Ilinipwaya kiunoni. Niliingia kiwanjani kwa mwendo wa mtu anayekwenda kupokea komunyo, na watu walishangilia kwa sababu hawakujua. Nilisimama mahali ambapo aliyeletwa angesimama. Jua lilikuwa kali, ziwa lilionekana kule chini, na nilitaka baba aione sketi ile.

Mchezo ulipoanza niliinua mikono tu. Mrefu akiinua mikono ni kikwazo hata akiwa mgonjwa, na mfungaji wao alikosa mara kadhaa kwa sababu yangu. Ester alikimbia kwa ajili yake na kwa ajili yangu, hadi nikaona jasho linamtoka kwenye nywele. Tulikuwa sawa mpaka mwisho kabisa. Ndipo mfungaji wao akapokea mpira vibaya, ukamponyoka, ukadunda kuelekea upande wangu wa kushoto. Niliona mahali utakapodunda tena. Hatua mbili za haraka na mruko, ungekuwa wangu. Magoti yangu yalikuwa yameshakunjika bila mimi kuyaambia, na moyo ulikuwa ukipiga shingoni, ukipiga na kuruka pigo, ukipiga na kuruka pigo.

Nilisimama. Mpira ulidunda mahali palepale nilipoona utadunda, mfungaji akauokota, akafunga. Kipenga kikalia.

Nilisikia neno kupe kutoka pande zote. Mtu mmoja alipaza sauti kwamba hata mgomba ungezuia ule. Sikuweza kujieleza kwa watu wote wale, na hata ningeweza, ningesema nini? Nilikuwa nimepata mchezo wangu mmoja, na kazi yangu ndani yake ilikuwa kuuacha mpira upite. Nililia wazi, mikono bado iko juu.

Ester alikuja akihema, akaishusha mikono yangu mmoja baada ya mwingine. "Nilikuwa nakuangalia wewe, si mpira," alisema. "Niliogopa utaukimbilia."

Basi, binti wa Rubya, ulitaka kujua ni lini. Mimi hawakuniruhusu tena. Nimefundisha, nimeolewa, kinyume na utabiri wa shangazi, na bado wakati wa michezo shuleni kwangu nakaa kwenye kiti na saa mkononi. Pengine mlango wako haujaharibika kama wangu, na namwomba Mungu iwe hivyo. Lakini kama umeharibika, ipo siku mpira utadunda karibu kabisa na mkono wako, na kila aliyepo atakuwa anakutazama, na hutakuwa na la kuwaambia. Uache upite. Kisha siku ya sindano ikifika, njoo. Mimi hukaa mwisho wa benchi, upande wa dirisha, na nitakusogezea nafasi.